NYOTA YENYE MKIA HAIKATAI KUPIGWA PICHA



Katika siku za mwisho za Septemba mwaka 2024 nilikuwa Karatu, mji ulio njiani kwendea Ngorongoro. Alfajiri moja, tulipotoka msikitini baada ya sala, tulimkuta kijana amesimama uani, uso ameuelekeza mashariki, kule ambako barabara inapita Rhotia na kuteremka hadi Mto wa Mbu na Ziwa Manyara. Tukatazama alikokuwa akitazama. Juu kidogo ya vilima, kabla mbingu hazijaanza kuwa nyeupe, ilikuwapo nyota yenye mkia. Kichwa chake kilikuwa kama nyota iliyofifia, na mkia wake umesimama juu mithili ya moshi wa ubani pasipo upepo.

Kijana akatoa simu yake ndogo akajaribu kuipiga picha. Picha ikatoka nyeusi tupu. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Nyeusi vile vile. Hapo mzee mmoja, mtu ninayemheshimu kwa umri wake na kwa ibada zake, akasema: "Iache, mwanangu. Hiyo haitaki kupigwa picha. Imekuja na neno lake." Mwingine akaongeza kwamba mwaka ule tungeona mengi. Wa tatu akataja vita na njaa.

Alikuwapo pia msichana wa shule, wa miaka 14 hivi, aliyekuja na babu yake. Akauliza kwa adabu: "Samahani, babu. Kwani kamera ingetakiwa iweje ndipo iione?" Akajibiwa: "Hayo si ya kuuliza, mjukuu wangu. Hayo ni ya Mungu na ya Wazungu." Watu wakacheka. Msichana akainamisha kichwa.

Nami nilikuwa na jawabu, japo si lote, nikanyamaza. Nikavaa viatu vyangu nikaenda kunywa chai. Makala haya ni deni la asubuhi ile, na ninalilipa mbele yako.

NENO AMBALO NYOTA HAIKULISEMA

Tuanze na hilo "neno" ambalo nyota inadaiwa kuja nalo. Nyota ile iligunduliwa mwaka 2023 na watazamaji wa China, na pia na darubini iliyoko Afrika ya Kusini. Tangu mwaka huo wataalamu wa falaki walikwisha kuhesabu kwamba ingepita karibu kabisa na jua tarehe 27 Septemba 2024, na ikapita. Je, mjumbe wa siri huweka miadi na watu mwaka mzima kabla, tena akaja siku ile ile waliyoiandika? Ilikuwa ni donge la barafu, vumbi na mawe linalozunguka jua kwa amri ya Muumba wake. Jua lilipoipasha moto barafu, gesi na vumbi vilitoka vikawa mkia. Hilo ndilo neno lake.

Sisi Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume alikuwa katika huzuni ya baba aliyefiwa na mtoto, na maneno yale yangempendeza mtu anayetaka ukubwa. Lakini aliyakanusha. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Ikiwa jua halikufanywa mtangazaji wa msiba wa nyumba ya Mtume, vipi donge la barafu liwe mtangazaji wa bei ya mahindi Karatu?

Tena tunayo ibra katika historia yetu. Mwaka 1577 alikuwako Istanbul mwanachuoni mkubwa, Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus, aliyejengewa na Sultan Murad III nyumba ya kutazamia nyota. Vyombo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyo bora duniani kwa zama zile. Mwaka huo huo ikatokea nyota kubwa yenye mkia. Badala ya Sultani kuambiwa umbali wake, aliambiwa bishara yake: kwamba ni habari njema ya vita dhidi ya Waajemi. Baadaye tauni ikaingia mjini, maadui wa mwanachuoni yule wakapata la kusema, na mwaka 1580 nyumba ile ikabomolewa.

Nyota ile ile ilitazamwa na Tycho Brahe huko Denmark. Naye hakuwa ameepukana na utabiri, maana aliandika mambo ya namna hiyo pia. Lakini aliipima, akalinganisha vipimo vyake na vya mtu aliyekuwa Prague, akathibitisha kwamba nyota yenye mkia iko mbali kupita mwezi, wala si moshi wa hewa yetu kama ilivyodhaniwa tangu zama za Aristotle. Utabiri wake umesahauliwa, vipimo vyake vinasomwa hadi leo. Mara nyingi tunasikia kwamba ni Wazungu waliotupokonya elimu ya nyota. Katika jambo hili nyumba ile ilibomolewa na sisi wenyewe, na nyundo ya kwanza ilikuwa ni ramli.

SWALI LA MSICHANA

Sasa tulijibu swali lililochekwa: kamera ingetakiwa iweje?

Kwanza, kamera si mgeni kwetu. Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, alichunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Alithibitisha kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka katika vitu na kuja machoni, si kwa miale itokayo machoni kwenda kwa vitu. Kila kamera ni chumba hicho cha giza. Tofauti ni ukubwa wa dirisha, uzuri wa kioo, na kile kinachopokea mwanga ukutani.

Simu ya kijana yule ilishindwa kwa sababu dirisha lake halizidi punje ya mtama, na mkono ulioishika ulitetemeka. Chukua kitundu cha upana wa milimita 2, kisha chukua kioo cha darubini ya angani iitwayo Hubble chenye upana wa mita 2.4. Kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara milioni moja kuliko kitundu kile. Nyota haikukataa. Ilibisha hodi katika mlango ambao haukuweza kufunguka.

Lakini mwanga mwingi peke yake hautoshi. Nyota yenye mkia husogea mbele ya nyota nyingine, kwa hiyo darubini ikizifuata nyota, yenyewe hutoka imefutika kama mtoto aliyekimbia mbele ya mpiga picha. Hung'aa zaidi inapokaribia jua, na jua ni hatari kwa jicho la kamera. Hubble hairuhusiwi kabisa kuelekezwa karibu na jua. Basi mbunifu hana budi aipe kamera bomba refu la kivuli, lenye kuta nyeusi ndani, ili mwanga wa pembeni ufie humo. Kisha huweka machujio ya rangi, kwa kuwa kila gesi ina rangi yake na vumbi lina yake, na bila kuzitenga hujui unachokitazama.

Tena kipande kile cha silikoni kinachopokea mwanga hakina budi kipozwe sana, maana kikiwa na joto huzua nukta za mwanga ambao haukuwapo. Na huko juu miale mikali ya anga hukipiga na kuacha madoa. Kwa hiyo picha hupigwa mara kadhaa na kulinganishwa, kama kadhi asiyeridhika na shahidi mmoja.

Na kwa nini kamera ipelekwe huko juu? Kwa sababu hewa yetu huutikisa mwanga, na aina nyingine za mwanga huzizuia kabisa. Mwaka 1970 chombo cha Marekani kiitwacho OAO-2 kiliona wingu la hidrojeni limeizunguka nyota yenye mkia, wingu kubwa kuliko jua lenyewe. Mtu aliyesimama juu ya ukingo wa Ngorongoro, hata awe na macho ya mwewe, asingeliona.

Kisha kuna kazi iliyo ngumu kuliko zote, ya kukiona kiini chenyewe. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi 1986 chombo cha Ulaya kilichoitwa Giotto kilipita kilomita 596 tu kutoka kwenye kiini cha nyota ya Halley. Mwendo wa kupishana kwao ulikuwa kilomita 68 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Karatu ukafika Arusha kwa sekunde mbili hivi. Punje ya vumbi kwa mwendo huo ni risasi. Basi wabunifu walikivisha chombo ngao mbili, na kamera wakaificha nyuma ya ngao, wakaiachia kioo kinachochungulia pembeni kama mtu anayechungulia ukutani. Na kwa kuwa chombo kilikuwa kikijizungusha mara 15 kwa dakika, picha ilibidi ijengwe mstari kwa mstari kila kinapogeuka.

Kamera ile haikufika hadi mwisho. Vumbi liliizima sekunde chache kabla ya kukaribiana kabisa. Lakini ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi. Kiini cha Halley kina urefu wa kilomita 15 hivi na ni cheusi kuliko masizi ya sufuria: katika kila sehemu 100 za mwanga, hurudisha 4 tu. Bonde la Ngorongoro, lililoachwa na volkano iliyoporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, lina upana wa kilomita 19 hivi. Kiini kile kingeweza kulazwa humo, na mgongo wake ungepanda kilomita nyingi juu ya ukingo. Hicho ndicho kinachofanya mkia unaowatisha watu: donge moja jeusi la kujaza bonde letu.

KIOO KILICHOSEMA UONGO

Mtu atasema: hayo ni mambo ya ufundi, gazeti la maadili yanalihusu nini? Yanalihusu sana. Sikiliza habari hii.

Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Picha za kwanza zilipokuja zilikuwa na ukungu. Ilionekana kwamba kioo chake kikuu kilisuguliwa kwa umbo lisilo sahihi, kosa la kiasi cha sehemu ya 50 ya unene wa unywele. Chanzo chake kilikuwa kifaa cha kupimia ambacho lenzi yake iliwekwa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Na jambo la kuhuzunisha ni kwamba vipimo vingine vilikwisha kuonyesha kosa lile kiwandani. Vikapuuzwa, kwa kuwa waliviona si hodari kama kifaa walichokiamini.

Yaani shahidi mnyonge alisema kweli, akanyamazishwa kwa sababu ya unyonge wake. Ilibidi wanadamu waende angani mwezi wa Desemba 1993 kuivisha darubini miwani. Ndipo mwezi wa Julai 1994 ilipoweza kuonyesha wazi vipande vya nyota yenye mkia, Shoemaker-Levy 9, vikiipiga sayari ya Sumbula.

Je, ndugu msomaji, huoni kwamba ndivyo tulivyofanya uani pale Karatu? Mtoto alikuwa na kipimo sahihi, nacho ni swali lake. Tukampuuza kwa umri wake na kwa usichana wake, tukakiamini kipimo kikubwa kilichopinda. Kazi ya kamera ya namna hii ni madrasa ya ukweli. Haimruhusu mtu kusema "nadhani inatosha." Anayepunja mizani sokoni huenda asijulikane maisha yake yote. Anayepunja kioo atafichuka siku ya kwanza ya kutazama.

"HAYATUHUSU"

Sasa nije kwa lile neno lililonichoma zaidi, kwamba hayo ni ya Wazungu.

Kila mtu Tanzania amesikia habari za Kimondo cha Mbozi. Wachache wamesikia habari za Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938, huko Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, lilianguka jiwe jeusi lililo laini, lenye maji na kaboni ndani yake. Uzito wake haukufika kilo moja. Jiwe hilo ni katika vitu vya mwanzo kabisa vya ulimwengu huu wa jua letu, vya miaka bilioni 4.6, na wako wataalamu wanaofikiri kwamba mawe ya namna hiyo asili yake ni nyota zenye mkia. Wataalamu wa dunia nzima wanaita jamii yake kwa jina la kijiji chetu. Chombo cha Japani kilipoleta mchanga wa Ryugu mwezi wa Desemba 2020, walioupima walisema unafanana na mawe ya jamii ya Ivuna. Kipande cha jiwe hilo kimo katika makumbusho ya London. Basi jina ni letu, na macho yanayolitazama ni ya wengine. Halafu tunasema hayatuhusu!

Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta nyota zitoazo miale ya eksirei. Haikuwa ya nyota zenye mkia, lakini ilikuwa darubini ya angani, nayo ilipita juu ya bahari yetu. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na Wamarekani wakaipa darubini jina la Kiswahili: Uhuru. Zaidi ya nusu karne imepita. Je, watoto wangapi wa pwani wanaijua habari hiyo?

Wengine watasema: Karatu watu wanahangaikia maji, wewe watuletea habari za kamera za angani. Sisemi tuache kuchimba kisima ili tununue darubini. Nasema aliyejifunza kupima mwanga hawezi kushindwa kupima maji. Na tena, itoe simu mfukoni mwako uitazame. Kile kijicho kinachopiga picha za harusi na za mazishi kilitokana na kazi iliyofanywa Marekani katika miaka ya 1990, katika karakana ya vyombo vya angani, ambako Eric Fossum na wenzake walitafuta kamera ndogo isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya safari za mbali. Unaila nazi huku ukimlaumu mkwezi.

Na kwamba hatuwezi? Uganda iliwapeleka vijana wake watatu Japani wakajifunza na kuunda setilaiti ndogo yenye kamera, ikaenda angani mwezi wa Novemba 2022. Kenya ikafuata na Taifa-1 mwezi wa Aprili 2023. Kamera hizo zinatazama mashamba, si nyota, lakini chumba cha giza ni kile kile. Wala sisi hatukuwa wageni wa mbingu: manahodha wetu walivuka bahari kwa nyota, na wakulima wetu walijua wakati wa kulima kwa Kilimia. Kilichokatika ni mafunzo, si uwezo.

TUFANYE NINI?

Sikuombi makubwa. Mwalimu wa madrasa, unafundisha nyakati za sala na kibla, na vyote viwili ni elimu ya falaki. Chukua katoni moja, ifunge, itoboe tundu la sindano upande mmoja, na upande wa pili weka karatasi nyembamba. Waonyeshe watoto mti wa uani ukiwa kichwa chini ndani ya katoni, kama alivyoueleza mwanga Ibn al-Haytham. Gharama yake ni katoni.

Mzazi, binti yako akipenda fizikia usimwambie ni somo la wavulana. Mwenye hoteli pale Karatu na ukingoni Ngorongoro, funika taa zako zimulike chini, maana giza lile unalowauzia wageni ni mali ya watoto wa hapa pia. Na wewe uliye na hofu, nyota nyingine ikitokea usimpelekee mpiga ramli fedha yako. Mpe mtoto wako daftari aandike ilipokuwa jana na ilipo leo.

Shirika la anga la Ulaya, likishirikiana na Japani, liliidhinisha mwaka 2022 chombo kitakachokwenda kungoja angani, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, hadi itokee nyota yenye mkia inayofaa kuendewa. Fikiri juu ya watu wanaobuni kamera kwa ajili ya mgeni ambaye hawajamjua. Wanapima mwanga wake kabla hajafika, wanamwekea nafasi. Nasi mgeni alifika mlangoni kwetu alfajiri, tukamsingizia vita na njaa.

Halley itarudi mwaka 2061. Msichana yule atakuwa na miaka 51 hivi. Huenda akawa uani pale pale akiwaambia wajukuu wa watu kwamba nyota haitaki kupigwa picha. Au huenda akawa yeye ndiye aliyeipima kamera inayoipiga. Jambo hilo halikuandikwa katika mkia wa nyota yo yote. Sehemu yake kubwa iko katika vinywa vyetu, tunapojibu au tunapocheka.

Mwanangu, kama makala haya yatakufikia huko Karatu: swali lako lilikuwa sahihi, na aliyestahili kuinamisha kichwa asubuhi ile ni mimi. Nisamehe. Na usiku wa leo, mbingu zikiwa safi, toka nje utazame, kisha uulize tena.

Wabillahi Tawfiq.